Kamyonete Isiyo na Demarere

Nawaona kila asubuhi, ninyi vijana wa pikipiki, mkija kupanga mstari hapa mtaa wa Kasuku karibu na soko. Mnapanda kiti, mnabonyeza kwa kidole gumba, injini inalia, mnaondoka. Kidole gumba tu! Halafu jioni mnaniambia, "Mzee Shabani, kazi ya leo imetuua." Mimi nanyamaza kwa heshima ya mvi zangu, lakini moyoni nacheka mpaka mbavu zinauma. Kaeni basi, abiria bado hawajafika.

Majuzi mmoja wenu, yule mwenye kofia ya njano, aliniuliza swali la maana. Pikipiki inataka matengenezo, mke anataka akuone nyumbani, na mgongo nao unauma. Mtu anagawaje siku? Nilimwambia aniache nifikiri kwanza. Nimefikiri. Jibu ni kwamba mimi sikugawa chochote. Siku nzima niliipa kamyonete, lile lori dogo nililoendesha, familia nikaiweka nyuma ya kamyonete isukume, na mwili wangu nikaufunga kwa mpira wa tairi. Sasa sikilizeni yaliyonipata, mjue msifanye nini.

Nilikuwa dereva wakati nchi hii inaitwa Zaire, wakati Chama ni kimoja na kila mtu anaitwa sitwayeni, yaani mwananchi, hata mwizi wa kuku. Patroni wangu, tajiri mwenye gari, alikuwa sitwayeni Kambale, mtu wa Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitenge. Kamyonete yake ilipeleka chumvi Kibombo na kuleta mchele. Mbele iliandikwa TUTAFIKA, kwa rangi nyekundu. Siku ya kufika haikuandikwa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja mkubwa: haikuwa na demarere, kile kifaa cha umeme kinachoamsha injini ukizungusha ufunguo. Ilikufa kabla mimi sijaajiriwa. Ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini kwa mkono nayo ilimvunja mkono dereva aliyenitangulia, naye kwa hasira akaitupa mtoni Lualaba. Ikabaki njia moja, kusukuma. Unaingiza gia ya pili, unakanyaga ambreyaje, yaani klachi, watu wanasukuma, gari ikipata mbio unaachia mguu ghafla, injini inakohoa, inashika. Lakini wa kusukuma lazima wapatikane, na mimi sikupewa wafanyakazi. Nilikuwa na familia.

Mngepita kwangu asubuhi, kabla ya chai, mngewakuta wote kazini. Mama Feza, mke wangu, alishika katikati kwa sababu ndiye mwenye nguvu kutushinda. Feza, binti yetu wa kwanza, upande wa kushoto. Wadogo zake walijaza nafasi zilizobaki, na wa mwisho kabisa, ambaye urefu wake haukufika kwenye bampa, alisukuma makalio ya mama yake. Mimi nilikaa kwenye usukani nikitoa amri.

"Sukumeni! Wote pamoja!"

"Tunasukuma, baba!"

"Mama Feza, weye unaegemea tu, hausukume!"

"Shuka basi uje usukume weye, tuone kama hautaegemea!"

Injini ikishashika sikuweza kusimama, maana ingezimika. Kwa hiyo watoto wangu walikua wakiniona kila asubuhi nikipotelea ndani ya moshi, mkono mmoja nje ya dirisha. Shuleni walimuuliza Feza baba yake anafanya kazi gani, akajibu: kukimbia. Mwalimu aliniita. Nilishindwa kwenda, gari ilikuwa inawaka.

Hata nyumba yangu iliteseka. Wenzangu wakitafuta kiwanja walitaka karibu na kisima, karibu na shule, karibu na msikiti. Mimi nilitafuta mteremko. Niliupata, nikajenga juu yake, nikijisifu kwamba nitakuwa naachia breki tu asubuhi na kwenda. Mvua ya kwanza ikachimba mtaro katikati ya ule mteremko, kusukuma kukarudi palepale, lakini nyumba ikabaki imelala upande. Usiku watoto walilala wametandazwa vizuri, asubuhi wote walikuwa lundo moja ukutani. Ukiweka mezani sahani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mchuzi ulimfuata aliyekaa upande wa chini, na upande wa chini alikaa baba.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Tabu, fundi mnene aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya stesheni ya treni. Yule mzee hakuangalia injini. Aliweka ncha moja ya kijiti kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, akafumba macho. "Minasikia. Vali moja iko na kilio." Tukifungua, kweli. Jaribuni hata kwenye pikipiki zenu. Tangi likitoboka na uko porini, chukua kipande cha sabuni ya kufulia, kilainishe kidogo kwa vidole, kandika kwenye tundu. Petroli haili sabuni, utafika nyumbani. Na radiatere ikivuja, tia unga wa muhogo ndani ya maji. Unga unatembea wenyewe mpaka kwenye ufa, unaiva pale kwa moto, unaziba.

Lakini tia kidogo. Mzee Tabu alisema kidogo, na mimi nikasikia "unga" peke yake. Nilibeba unga wote uliokuwa jikoni kwa Mama Feza, nikaumimina. Safari ya Kibombo, nusu ya njia, gari ikaanza kunguruma tumboni. Nikasimama mbele ya kijiji, nikafungua kifuniko kwa kitambaa na fimbo ndefu, na bukari ikatoka. Bukari kabisa, ugali wenyewe, imeiva vizuri, inapanda tu. Kina mama wa kile kijiji walikuja na watoto wao kutazama, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama mboga nayo iko ndani. Niliporudi nyumbani siku iliyofuata, nilimkuta Mama Feza amekaa mlangoni.

"Unga yangu iko wapi?"

"Gari ilikula."

Wakati wa chakula aliniletea sahani, na juu ya sahani spana. Ikateleza kwenye ile meza yetu mpaka ikanigusa tumbo. Watoto walicheka sana, na yeye mwenyewe mwishoni akacheka, nikafikiri mambo yameisha.

Mzee Tabu alinifundisha na jambo lingine, nikalishika kuliko yote. "Shabani," alisema, "dereva muzuri halalamike kwa patroni. Analalamika kwa gari." Na kweli sitwayeni Kambale alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Alisimama mlangoni pa duka lake, vifungo vyote vya abakosti, lile koti la wakati wa Chama, vimefungwa mpaka kooni, akinitazama ninavyokusanya wapita njia wanisukume. Mimi nikasema ndani ya moyo, huyu ukimwomba hata msumari atakufukuza. Nikainama, nikasukuma.

Sasa tuje kwenye mwili. Nikizimikiwa barabarani peke yangu, nilifungua mlango, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye fremu ya mlango, nasukuma, ikianza kwenda naruka ndani. Siku moja, nikiwa karibu kuingia Kibombo, nilisikia kitu kimeachia. Nikapiga magoti nikaangalia chini ya gari. Niliangalia springi, nikaangalia ekseli, nikatikisa kila kitu. Gari ilikuwa nzima. Kilichoachia kilikuwa changu, kinenani, uvimbe wa ukubwa wa yai la bata.

Hospitalini muganga, yaani daktari, alinilaza, akabonyeza, akaniambia, "Hii njo ngiri. Utumbo unatafuta mulango ya kutokea. Tutakukata, tutakushona, utapumuzika miezi, hakuna kusukuma, hakuna kuendesha. Na usichelewe. Siku itatoka ikatae kurudi, unakufa."

Nilimshukuru, nikasema nitarudi msimu wa mchele ukiisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Dereva akikaa nyumbani kwa miezi, usukani wake unapata mtu mwingine, na watoto wangu walikuwa wanakula kutoka kwenye usukani ule. Ama nife, ama niwe dereva asiye na gari. Nilipima hayo mawili nikaona yote mabaya, kwa hiyo sikumwambia patroni, wala sikumwambia Mama Feza.

Nikajitengeneza mwenyewe. Msicheke mapema. Tairi ikivimba ubavuni unafanya nini? Unaikaza. Basi nikachukua shambrere ya zamani, ule mpira wa ndani wa tairi, nikakata utepe mrefu, nikalisukuma lile yai ndani, nikajifunga kiunoni na kupitisha katikati ya miguu. Nikajipaka na unga mweupe ule tunaopaka shambrere zisigandane. Ilishika! Nilitembea barabara ya Kibombo msimu mzima nikinuka gereji hata baada ya kuoga.

Mama Feza aliugundua ule mpira nikibadili nguo.

"Shabani. Njo nini hii?"

"Mukaba."

"Mukaba ya mpira, chini ya kaputula? Na poda? Nani alikufunga hii dawa? Ule mwanamuke wa Kibombo anaitwa nani?"

Nikaona afadhali anidhanie mwanamke wa Kibombo kuliko ajue habari ya ngiri. Nikanyamaza kama mtu mwenye siri tamu. Pimeni wenyewe akili ya mtu wa namna hiyo! Tangu siku ile alilala na watoto, kwenye lile lundo la ukutani, na asubuhi alisukuma bila kunijibu.

Wakati ule mgeni mkubwa akitoka Kinshasa, mji mzima ulicheza. Tuliita animasyo: mistari ya watu, nyimbo za kusifu Chama, mikono juu, kiuno chini, ruka. Halikuwa ombi. Kila patroni alitoa watu wake. Siku ya mgeni nilipakia wachezaji kwenye TUTAFIKA mpaka uwanjani, askari akaniamuru nizime injini, moshi usimfikie mkubwa, nikaiacha bila gia, jiwe chini ya tairi, nikaingia mstarini. Mama Feza alikuwa katika mstari wa kina mama, na kitenge cha Chama, hanitazami.

Kuruka kwa kwanza, mpira ukavutika. Kwa pili, ukalia. Kwa tatu ukakatika. Paa! Askari wakainama. Mgeni mkubwa akainama. Mpira ukashuka ndani ya mguu wa suruali, ukachomoza juu ya kiatu, mweusi, umejikunja, bado unachezacheza.

"Nyoka! Nyoka!"

Mstari wangu ukarukia mstari wa mbele, wa mbele ukarukia wa kina mama, watu wakaenda kushoto magoti juu, wakarudi kulia wakipiga mayowe, na wapiga ngoma, kwa kuogopa kulaumiwa, hawakuacha kupiga. Mgeni mkubwa alisimama akapiga makofi. Alidhani ndio mtindo wa mkoa wetu wa Maniema.

Mimi peke yangu sikukimbia. Nilikuwa chini. Lile yai lilikuwa limetoka lote, gumu, na nilipolisukuma kwa vidole lilikataa kurudi. Maumivu yakapanda mpaka kifuani. Nikayakumbuka maneno ya muganga, na nawaambia bila aibu, nilitaka kulia kama mtoto.

Mama Feza alifika wa kwanza. "Nyoka alikuuma wapi? Onyesha!"

"Haiko nyoka. Njo shambrere. Niko na ngiri, Mama Feza, tangu siku mingi. Sasa imekataa kurudi. Muganga alisema ikifanya hivi minakufa."

Alinitazama. Kisha akageuka akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye kusukuma. "Mumubebe! Ndani ya gari! Haraka!"

Wakanilaza nyuma kwenye magunia. Madereva wengine walikuwa wameshatawanyika na nyoka wao. Mama Feza akaondoa jiwe, akapanda, akashika usukani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale.

"Gia ya pili!" nilimwambia kutoka nyuma. "Kanyaga ambreyaje!"

"Ambreyaje njo nini?"

Miaka yote hiyo alishika nyuma ya ile gari, hakuna aliyewahi kumwonyesha mbele. "Acha," nikasema. "Wasukume tu."

Wakasukuma. Kutoka uwanjani mpaka hospitali, injini imezima, wacheza animasyo nyuma na ubavuni, Mama Feza anazungusha usukani kwa mikono miwili. Na kwa kuwa walikuwa wamezoea kwenda pamoja kwa wimbo, wakaimba zile nyimbo za Chama. Askari wa kizuizi walidhani ni sehemu ya sherehe. Wakafungua njia, mmoja akapiga saluti. Mimi huku nyuma nililia kwa uchungu, "Mama yangu weee," na wao wakaitikia kiitikio.

Hospitali walinipokea mbio. Wakati wananisukuma kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kukatwa, Mama Feza alitembea pembeni ameshika mkono wangu.

"Kwa hiyo hakuna mwanamuke Kibombo?"

"Hakuna."

"Njo ngiri tu?"

"Ngiri tu."

Akacheka, akalia, halafu akanipiga kofi la bega kwa nguvu mpaka muganga akamwomba angoje nje. Nilipoamka alikuwa palepale, amelala kwa kukaa, masizi ya TUTAFIKA bado yako kwenye kitenge chake. Muganga alituambia tungechelewa kidogo tu wangenifunika shuka.

Nikarudishwa nyumbani, marufuku kunyanyua hata mtungi. Kama nilivyoogopa, patroni akachukua dereva mwingine, kijana kutoka Kalima, mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Nikakaa mlangoni kama mgonjwa, nikiwahesabu watoto wangu mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niligundua wa mwisho anatumia mkono wa kushoto. Niligundua Feza anaimba vizuri. Niligundua pia kwamba huzuni yangu ilikuwa nzito, maana kila nilipofikiri juu ya usukani wangu chini ya mikono ya yule kijana, niliisukuma sahani pembeni.

Mwezi mmoja na ushei ukapita, nikamwona kijana anapita barabarani na TUTAFIKA. Akasimama dukani, akazima, akanunua ndizi. Nikasogea nione atawakusanya akina nani wamsukume. Akapanda, injini ikashika. Hakuna aliyeigusa. Nilidhani dawa za hospitali bado ziko kichwani.

Baada ya muda kijana aliacha kazi, akaenda Kampene kuchimba madini, na sitwayeni Kambale akaniita. Nilifika dukani nimevaa shati safi. Akanipa ufunguo. Nikapanda, nikauzungusha, ikalia. Nikazima. Nikazungusha tena, ikalia. Nikashuka.

"Patroni, hii demarere ilitoka wapi?"

"Ilikuya na ndege kutoka Bukavu. Kijana aliniomba siku yake ya kwanza. Alisema gari bila demarere hataendesha. Nikaagiza."

"Alikuomba, ukaagiza? Hivi tu?"

"Sasa nifanye nini? Ni gari yangu."

"Patroni, mimi nilisukuma miaka yote hii!"

Ule uso wa kuumwa jino ukashangaa kweli, na nikaona kwamba ndivyo ulivyo tu, hata akifurahi. "Shabani," alisema, "weye haukuniomba hata siku moja. Bibi yako, watoto yako, wote asubuhi nyuma ya gari, munapiga kelele, munacheka. Miye nilikuwa nasema, ile familia inapenda mazoezi."

Niliendesha mpaka nyumbani. Nikasimama kwenye kijisehemu tambarare kilichokuwa mbele ya mlango, nikazima. Watoto walitoka mbio kwa hofu. "Baba amezima! Baba amezima!" Wakaruka wote nyuma, mikono kwenye bampa, hata yule wa mwisho. Nikazungusha ufunguo, gari ikaondoka, nao wakaanguka kifudifudi mmoja juu ya mwingine. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Mama Feza hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza demarere imepatikana wapi, nikamweleza yote, kijana, Bukavu, mazoezi. Nilidhani atamtukana patroni. Nilidhani atanitukana mimi.

"Kwa hiyo ilikuwa kuuliza tu," akasema.

"Ilikuwa kuuliza tu."

"Na miye, Shabani? Miye uliniuliza siku gani?"

"Kukuuliza nini?"

"Kama minachoka."

Nikashuka kwenye gari. Nikachukua kiti, nikakiweka upande wa chini wa nyumba, nikakaa, nikamuuliza. Ilikuwa asubuhi, chai ilikuwa bado jikoni. Jua lilipozama alikuwa angali ananijibu, na katika hadithi yake ya uchovu Feza alikuwa bado hajazaliwa.